Sura ya Sita: Sauti ya Chini

Fundi Mitambo alikataa kuicheza kanda mpaka feni izimwe.

"Feni ina kelele zake," alisema. "Na hicho unachotaka kukisikia ni kidogo kuliko kelele za feni."

Inspekta akanyoosha mkono, akaizima mwenyewe. Joto likawaangukia mara moja. Chumba hicho kilikuwa studio enzi zake. Sasa nusu yake ilijaa redio mbovu za watu, na kwenye nusu iliyobaki mzee huyu alirekodi matangazo ya maduka ya magodoro. Trei za mayai zilizopigiliwa ukutani kuzuia mwangwi zilikuwa zimepauka na kuanza kubanduka.

"Kabla hujabonyeza," Inspekta alisema, "niambie walikuwa watu gani. Mimi nakumbuka wimbo tu."

"Kila mtu anakumbuka wimbo tu."

Mzee akajifuta jasho, akaeleza. Walikuwa wasichana wanne wa shule moja: ndugu wawili wa tumbo moja, pamoja na mapacha waliokaa nao dawati la mbele. Walijiita Kengele Nne. Siku ya kwanza walifika na sare za shule, soksi zimejaa vumbi, wakasimama pale kwenye zulia na kuimba bila ala yoyote, yeye akasahau kuwasha mashine. Dada mkubwa aliimba sauti ya kwanza. Mapacha walijaza katikati. Mdogo mtu aliimba chini kabisa, sauti nzito ambayo huwezi kuamini inatoka kwenye kile kijimwili chembamba. Ndiyo maana wakamwita Besi.

"Walidumu muda gani?"

"Walivuka masika mawili. Ya tatu hawakuyafikia. Santuri moja, wimbo mmoja uliopigwa kila kinyozi na kila kioski, 'Nipungie Mkono', basi. Onyesho la mwisho Besi alishuka jukwaani, akapitia mlango wa nyuma, na hadi leo."

"Hadi mwezi uliopita," Inspekta alisema.

Mzee akaipachika kanda kwenye mashine.

Mwezi uliopita, miaka thelathini na ushee baada ya onyesho lile, mwanamke wa makamo alibisha hodi kwa mama yake Besi. Mama alifungua, akamtazama, akapiga yowe lililowatoa majirani nje: mwanangu amerudi. Kesho yake dada mkubwa, ambaye siku hizi ni mfamasia na hajaimba tena maishani, alikuja kituoni kushitaki. Huyu si mdogo wangu, aliandikisha. Huyu ni mtu amevaa jina la mdogo wangu. Inspekta alipopendekeza vipimo vya damu, mama alimjibu kwa upole kwamba siku anajifungua maabara haikuwepo, kwa hiyo haina la kumwambia.

"Haya, bonyeza," alisema Inspekta.

Kanda ikazunguka. Ikatoka sauti ya msichana, juu, safi kama maji ya mtungi.

"Hicho ni kipaza sauti cha dada mkubwa peke yake. Sasa usimsikilize yeye. Sikiliza nyuma yake."

Inspekta akainama kwenye spika. Mwanzoni hakusikia kitu. Halafu akasikia: chini ya ile sauti, mbali, kama mtu anayeimba nyumba ya pili na mlango umefungwa, kulikuwa na sauti nyingine.

"Mtambo wangu ulikuwa na njia nne, kila msichana na yake," Fundi Mitambo alisema. "Njia ya Besi niliifuta, santuri ikatolewa upya na sauti tatu. Lakini wote wanne walikuwa wamesimama chumba kimoja, sauti yake ikavuja ikaingia kwenye vipaza sauti vya wenzake. Nilimfuta, hakufutika. Kuna siku nikiwa peke yangu hapa huwa siichezi kabisa kanda hii."

"Nani alikuagiza umfute?"

"Mama yake Besi. Alikuja mwenyewe, akaketi hapo ulipoketi. Akaniambia, baba, kila duka ninalopita mwanangu ananiimbia, na nyumbani hayupo. Naomba umtoe, nitapata wazimu. Ungemkatalia?"

Inspekta akauliza, "Mtu anaweza kujifunza sehemu ya Besi kwa kusikiliza santuri ile mpya?"

"Mpaka mwisho? Haiwezekani. Mwishoni wote walinyamaza, Besi akashuka peke yake na maneno yake mwenyewe. Kipande hicho nilikikata chote tangu santuri ya kwanza, hakikuenea. Waliokuwa wanakijua ni wao wanne, mimi, na mama aliyewasikia wakifanya mazoezi."

"Na mapacha?"

"Wazazi wao waliwahamishia ng'ambo mwaka uleule. Mmoja ametangulia mbele ya haki, mwingine hajawahi kuandika hata salamu."

"Niimbie hicho kipande."

"Mimi? Nikiimba mimi utanikamata." Lakini aliimba, kwa sauti ya kukwaruza, macho yamefumbwa, na Inspekta akamrekodi kwenye simu yake.

*

Nyumba ya mama ilikuwa na sebule ndogo, viti vya vitambaa vya kufuma, na harufu ya nguo zilizopigwa pasi. Mfamasia alikuwa amesimama dirishani, mikono kifuani. Mama alikuwa kitini, shali mabegani. Yule mwanamke alikuwa mezani akikunja mashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja tena kumsumbua binti yangu?"

"Nimekuja kumsikiliza."

Mwanamke alitabasamu kidogo bila kuinua macho. Alikunja shuka kwa mikunjo mitatu mirefu na miwili mifupi, pembe juu ya pembe, kwa haraka ya mtu aliyeyakunja mashuka mengi sana maishani. Simu ya mama ikalia. Mwanamke akaichukua, akaibana kati ya sikio la kulia na bega, akaendelea kukunja huku anazungumza na mtu wa zahanati kuhusu dawa za presha za mama. "Ndiyo, dada. Anakula vizuri siku hizi. Tutamleta."

"Mnasikia?" mama alisema. "Nakula. Mwulizeni huyo mfamasia wenu nilikuwa nakula lini mara ya mwisho."

Inspekta aliuliza maswali. Sare za Kengele Nne za jukwaani zilikuwa rangi gani? Za kijani, mikono ya puto, na pacha mmoja alichana yake siku ya kwanza. Mlango gani wa nyumba hii ulikuwa unakwama? Wa stoo, ukiusukuma kwa bega unafunguka, ukiuvuta ndiyo umeharibu.

"Hayo hata jirani anayajua," Mfamasia alisema.

"Basi aimbe," alisema Inspekta. "'Nipungie Mkono'. Sehemu yake."

Mwanamke akaweka shuka mezani, akalilainisha kwa kiganja hata pasipokuwa na kunjo. Akaanza. Sauti haikuwa nzuri, ilikuwa na mchanga ndani yake, lakini ilikwenda chini, ikapita njia ambayo Inspekta aliitambua: njia ileile ya nyuma ya mlango uliofungwa. Ubeti wa kwanza, wa pili, kiitikio. Alipofika pale ambapo santuri ya watu wote inaishia, hakuishia. Akashuka peke yake, ngazi kwa ngazi, na maneno ambayo Inspekta alikuwa nayo kwenye simu mfukoni.

Midomo ya Mfamasia ilikuwa inacheza. Hakutoa sauti, ila midomo ilikuwa inaimba naye. Alipogundua, akaiziba kwa mkono na kutoka nje.

Inspekta alimkuta barazani, kashika nguzo.

"Afande, lifunge hilo faili," Mfamasia alisema. "Nimekosea. Hakuna mtu mwingine angejua pale. Ni yeye. Sijui kwa nini macho yangu yanakataa."

"Macho yako yanakataa nini?"

"Sijui! Ananiheshimu. Ananiita dada. Mdogo wangu alikuwa ananiita 'we' na kunitupia mto." Akacheka, halafu kicheko kikageuka. "Siku ya mwisho tuligombana. Aliharibu wimbo mbele ya ukumbi mzima, akawa anaimba nje ya sauti kama mlevi, kanuna, kageuza shingo hataki hata kututazama. Niliona anafanya makusudi. Nilimwambia asinisogelee. Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake, Afande."

"Una picha za wakati ule?"

"Albamu nzima."

"Naomba niazime."

*

Ofisini Inspekta alizipanga picha mezani kwa kufuata tarehe zilizoandikwa nyuma, kama alivyozoea kupanga picha za ajali.

Katika picha za mwanzo Besi alisimama popote: katikati ya mapacha, mbele ya dada yake, mara moja kachuchumaa chini ameshika viatu. Halafu ikaja picha ya ziara ya mikoani ambayo Besi hayupo. Nyuma yake mtu ameandika: Besi mgonjwa, mashavu kama maputo. Baada ya hapo, picha zote, Besi alikuwa mwisho wa mstari, upande uleule, wenzake wote wakiwa kushoto kwake. Katika studio, shuleni, jukwaani, hata wakila wameketi kwenye benchi.

Isipokuwa picha ya mwisho. Katika onyesho lile walipangwa upya. Besi alikuwa mwisho wa upande wa pili, wenzake wote wakiwa kulia kwake, na shingo yake ilikuwa imepinda isivyo kawaida, kidevu kimevuka bega la kulia, uso ukitazama nyuma yao. Kwa haraka ungesema kanuna. Inspekta aliitazama mpaka chai yake ikapoa. Akasimama, akajaribu mwenyewe kuipinda shingo vile mbele ya dirisha, kisha akachukua funguo za gari.

Fundi Mitambo alikuwa anaunga waya.

"Ziara ya mikoani Besi aliugua matubwitubwi," Inspekta alisema kabla hajaketi. "Aliporudi, akaanza kusimama mwisho wa mstari. Kwa nini?"

Mzee akaweka chini chombo chake cha kuungia.

"Sikio la kulia lilikufa," alisema hatimaye. "Uvimbe ulipotoka uliondoka nalo. Mimi niligundua kwa sababu nilimwita upande ule akapita kama hajaitwa. Alinililia hapa. Alisema wakijua watamtoa kundini, nani anamtaka mwimbaji wa sikio moja. Nikamfundisha: simama mwisho, wenzako wote wawe upande wa sikio zima, hakuna atakayejua. Na hakuna aliyejua. Hata mama yake."

"Onyesho la mwisho nani aliwapanga upya?"

"Mtu wa matangazo. Alitaka wafupi wawe upande ule kwa ajili ya wapiga picha." Mzee akajishika kichwa. "Nilikuwa kwenye mtambo kule nyuma ya ukumbi. Nilimwona amewekwa upande mbaya. Watu wamejaa, wanapiga mayowe, nitapitaje? Wenzake wote walikuwa upande wa sikio lililokufa. Aliimba bila kusikia mtu. Ungeniuliza siku ya kwanza, Afande. Uliniuliza habari za kanda tu."

"Ni kweli," Inspekta alisema. "Nimekuuliza vibaya. Sasa nina kazi moja nataka unisaidie. Kaa karibu na simu yako."

*

Mchana ule yule mwanamke alikuwa uani, anaanua nguo. Inspekta alimkuta peke yake, akampa simu.

"Kuna mzee anataka kukusalimu. Fundi Mitambo."

Mwanamke akafuta mkono kwenye kanga, akaipokea simu, akaiweka kwenye sikio la kulia. "Haloo? Shikamoo, mzee... Sauti iko chini kidogo, lakini nakusikia... Ndiyo. Ndiyo, nakumbuka trei za mayai." Akamsikiliza mzee kwa muda. Akamjibu tena. Kisha macho yake yakakutana na ya Inspekta, akaona wapi Inspekta alikuwa anatazama.

Akaishusha simu polepole.

"Sikio hilo la Besi lilikufa akiwa na miaka kumi na sita," Inspekta alisema.

"Nilijua," mwanamke alisema. "Miaka yote ile nilikuwa natembea kushoto kwake. Kulala, kitanda changu kushoto kwake. Mkono ndio umesahau."

"Keti."

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nguo zimemjaa mapajani.

"Sasa nisikilize vizuri," Inspekta alisema. "Unajua mambo ambayo angeweza kukuambia Besi tu. Wewe si Besi. Kwa hiyo swali langu ni moja, na ukinizungusha tutaendelea kituoni. Yuko wapi?"

"Amefariki, Afande. Masika yaliyopita. Mapafu."

"Wapi?"

Akautaja mji, mbali, mwisho wa njia ya reli. Huko kulikuwa na hospitali kubwa, na wao wawili walifanya kazi ya kufua, kwenye chumba cha mashine zinazotikisa sakafu. Besi alikuwa anatumia jina la bibi yake mzaa mama. Inspekta akatoka nje ya geti, akapiga simu. Alipitishwa kwa watu kadhaa kabla ya kumpata msimamizi wa wauguzi, mwanamke mwenye haraka, ambaye alimkumbuka marehemu na kikohozi chake, akamkumbuka na mwenzake aliyelala chini ya kitanda wodini mpaka wauguzi wakachoka kumfukuza. Cheti kipo. Kaburi lipo, na alama.

Inspekta aliporudi, mwanamke alikuwa ameanza kukunja nguo.

"Wimbo alikufundisha yeye?"

"Kule kwenye mashine. Alinifundisha sehemu yake yeye, ya chini, ili yeye apate kuimba ya juu. Alikuwa anacheka, anasema na mimi leo niwe mbele."

"Kwa nini hakurudi kwao?"

"Mwanzo aibu. Kila mwaka alisema akipata likizo atakuja. Akiipata, anasema mwakani." Akachukua nguo nyingine. "Halafu wimbo ukapigwa redioni. Tulikuwa wapya pale. Alisimamisha mashine ili asikie. Akausikiliza mpaka mwisho, akaniambia, wamenitoa. Wameweza bila mimi. Tangu siku hiyo habari za likizo zikaisha."

Inspekta aligeuza uso, akatazama kamba ya nguo.

"Na wewe ulikuja hapa kufanya nini?"

"Kutoa habari. Alinisihi. Nilikuwa nimeipanga sentensi tangu kwenye treni: mama, mimi ni mwenzake mwanao. Mlango ukafunguliwa, mama akaniita kwa jina lake, akanikumbatia. Afande, mimi sina mtu aliyewahi kunikumbatia vile. Sentensi ikakataa kutoka. Kila asubuhi nasema leo. Halafu namwona anakula."

"Kujifanya mtu mwingine ni kosa."

"Najua."

"Utamwambia mwenyewe. Sasa hivi. Mimi nitakuwa nyuma yako." Inspekta alitembea hatua kadhaa kuelekea mlangoni, akasimama. "Ile habari ya redio. Hiyo hulazimiki kuisema. Aliyeomba sauti ifutwe ni mama. Hakuweza kuvumilia kumsikia."

Mwanamke aliziba macho kwa nguo aliyoshika. Alibaki hivyo mpaka Inspekta akamshika mkono na kumwinua.

*

Mfamasia alikuwa ameitwa kutoka kazini. Alifika bado amevaa koti jeupe. Mama alikuwa kitini pake. Mwanamke alipiga magoti mbele yake na safari hii sentensi ilitoka, yote, bila kukatika. Alisema yeye ni nani. Alisema Besi amefariki, na lini, na kwamba hakuwa peke yake. Alisema habari ya sikio, na kwa nini shingo ilipinda jukwaani siku ile.

"Hakuwa amenuna," alisema, akimtazama Mfamasia. "Alikuwa anakutafuta wewe. Alisema akikusikia wewe tu angepata njia."

Mfamasia alikaa chini, palepale sakafuni, na koti lake jeupe.

Mama hakulia. Alivuta shali, akalirekebisha, akalivuta tena. Saa ya ukutani ilisikika, na nje mtu alikuwa anapiga honi ya baiskeli.

"Mikono," alisema mwishowe. "Mwanangu alikuwa na mikono ya baba yake, vidole virefu. Siku ya pili niliiona hii yako. Nikajiambia, kazi nyingi hubadilisha mikono. Niliendelea kujiambia."

"Nisamehe, mama."

"Nani alimwosha?"

Mwanamke hakuelewa. Mama akarudia, polepole. "Alipokufa mwanangu. Nani alimwosha?"

"Mimi, mama."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Walitaka kunisaidia, nikakataa."

Mama akanyoosha mikono yake, akaichukua ile ya mwanamke, akaigeuza viganja juu, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akainama, akaweka uso wake ndani yake. Inspekta alitazama zulia.

Mama alipoinuka, macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa imara. Akamwambia Mfamasia aondoke sakafuni, ataumwa mgongo, avute kiti. Mfamasia akavuta kiti, akakiweka karibu na yule mwanamke. Akamgeukia Inspekta, akatikisa kichwa mara moja: hana mashitaka.

"Afande, na wewe kaa, au nenda," mama alisema. "Lakini usisimame hapo kama mdai kodi."

Inspekta akaketi.

"Haya," mama akamwambia mwanamke. "Nina miaka thelathini ya mwanangu siijui. Unayo wewe. Anza mwanzo, na usiruke kitu."

Mwanamke akamtazama Inspekta, mara moja, haraka. Kisha akamrudia mama.

"Alikuwa hapendi kuamshwa," alianza.

"Tangu mdogo," mama akasema.